Uvimbe wa kongosho unapovuja damu usiku: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya hospitali

Kwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa benki za damu, na nyote mnaopitisha bajeti na miongozo ya tiba,

YAH: UPASUAJI WA DHARURA WA KONGOSHO KWA WAGONJWA WENYE UVIMBE UNAOVUJA DAMU

Waheshimiwa,

Rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni daktari wa upasuaji wa tumbo katika hospitali ya kawaida, ile inayopokea kila kitu, kuanzia kidole tumbo hadi majeruhi wa barabarani. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe haliko ndani ya uwezo wa idara moja. Ukimwandikia mkuu wa upasuaji, atakwambia damu ni ya maabara. Maabara watakwambia rufaa ni ya mganga mkuu. Mganga mkuu atakwambia mtaalamu wa kuziba mishipa ni suala la bajeti. Kila mmoja wao anasema kweli, na mgonjwa anaendelea kuvuja.

Ombi langu nalitaja mapema ili msiliwinde kwenye kurasa. Mgonjwa ambaye uvimbe wa kongosho lake unamwaga damu asipelekwe kwenye meza ya upasuaji kwa sababu tu hakuna kingine kilichopangwa. Kabla ya kisu kuna damu ya kumwongezea, kuna picha ya kuonyesha mshipa unaovuja, kuna mtu wa kuuziba mshipa huo kwa kupitia ndani, na kuna hospitali inayofanya upasuaji wa kongosho kila wiki, ambayo inapaswa kupokea simu yetu. Wengi wetu tuna kisu, lakini hayo manne yanapatikana tu pale ambapo kuna mkubwa aliyekaa akayapanga mchana.

Niwaeleze kidogo tunachokabiliana nacho, maana wengi wenu si madaktari na hamna sababu ya kujua. Kongosho limejificha nyuma ya mfuko wa chakula. Kichwa chake kimezungukwa na duodenamu, sehemu ya kwanza ya utumbo mdogo. Mrija wa nyongo unapita humohumo ndani yake. Nyuma yake, kwa kugusana kabisa, inapita mishipa mikubwa inayolisha utumbo na ile inayopeleka damu kwenye ini. Uvimbe ukiota hapo na kutoboa ukuta wa duodenamu, damu humwagika ndani ya utumbo. Mgonjwa anakuja akitapika damu, au anapata choo cheusi kinachonata, chenye harufu ambayo aliyewahi kuinusa wodini haisahau. Wengine huja wamezimia tu, na ndugu hawana la kueleza zaidi ya kwamba alikuwa analalamika kizunguzungu.

Si kila uvimbe wa kongosho una tabia hiyo. Saratani ya kongosho iliyozoeleka, ile inayoanzia kwenye mirija yake, mara nyingi humfanya mtu macho ya njano na kumkondesha kabla damu haijaonekana. Zinazovuja kwa fujo mara nyingi ni nyingine: uvimbe uitwao GIST, unaoota kwenye ukuta wa njia ya chakula, hapa ukiwa umeanzia kwenye duodenamu, uvimbe wa seli zinazotengeneza homoni, saratani ya pale mrija wa nyongo unapofungukia utumboni, na saratani ya figo iliyohamia kwenye kongosho. Hiyo ya figo ina vituko vyake. Inaweza kujitokeza miaka zaidi ya 10 baada ya figo kuondolewa, wakati mgonjwa ameshajihesabu mzima. Anapoulizwa kama aliwahi kupasuliwa anajibu, "zamani, figo," na anayejaza fomu haoni umuhimu wa kuandika. Uvimbe wenyewe umejaa mishipa ya damu, na ukianza kuvuja hauna mzaha.

Nataja aina hizi kwa sababu moja. Kati ya wagonjwa wenye uvimbe kwenye kongosho, hawa ndio wengi wao wana nafasi ya kuishi miaka, iwapo uvimbe utaondolewa vizuri. GIST ina dawa ya vidonge tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Saratani ya figo iliyohamia kwenye kongosho pekee, ikikatwa, humwachia mtu maisha marefu kuliko watu wanavyodhani wakisikia neno "imehamia". Kwa hiyo anayetapika damu usiku huu hayuko mwisho wa safari. Mara nyingi ndiyo kwanza ugonjwa wake umejulikana.

Sasa kuhusu kisu. Upasuaji wa kuondoa kichwa cha kongosho unaitwa Whipple, kwa jina la Mmarekani Allen Whipple aliyechapisha taarifa yake mwaka 1935. (Mjerumani Walther Kausch alikwisha kuufanya mwaka 1909, lakini majina ya tiba hayagawiwi kwa haki.) Unaondoa kichwa cha kongosho, duodenamu, kibofu cha nyongo na sehemu ya mrija wa nyongo, na mara nyingi kipande cha mfuko wa chakula. Halafu unaunganisha upya mara tatu: kongosho na utumbo, mrija wa nyongo na utumbo, mfuko wa chakula na utumbo. Ni kazi ya saa tano, sita au zaidi, kwa mgonjwa aliyeandaliwa, aliyelala usiku na kuamka asubuhi, mbele ya timu iliyokunywa chai.

Katika miaka ya 1960 na 1970, hospitali nyingi zilipoteza karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne kwa upasuaji huu, hadi baadhi ya madaktari wakubwa wakashauri uachwe. Leo, kwenye vituo vinavyoufanya mara kwa mara, wanaokufa ni chini ya 5 kwa kila 100. Lakini "mara kwa mara" ndipo penye uzito. Mwaka 2002 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliopitia upasuaji wa wazee milioni 2.5. Kwa upasuaji wa kongosho, hospitali zilizoufanya kwa nadra sana zilipoteza wagonjwa asilimia 16.3, na zile zilizoufanya kwa wingi sana zilipoteza asilimia 3.8. Katika aina zote za upasuaji walizozilinganisha, kongosho ndilo lililoonyesha pengo kubwa kuliko zote. Na takwimu hizo kwa sehemu kubwa ni za upasuaji uliopangwa. Sasa mweke mgonjwa mwenye presha ya 70, damu isiyoganda na mwili uliopoa, saa nane za usiku, mbele ya daktari ambaye mara ya mwisho alisaidia Whipple akiwa mwanafunzi.

Kuna jambo jingine ambalo hata baadhi ya madaktari wenzangu hulisahau. Saratani ya kawaida huziba mrija wa kongosho polepole, kongosho likawa gumu na mrija wake ukatanuka. Kongosho gumu linashika uzi. Uvimbe huu mwingine unaovuja mara nyingi haujaziba chochote, hivyo kongosho lililobaki ni laini kama siagi na mrija wake hauonekani vizuri kwa macho. Uzi unalikata. Ndilo kongosho linalovujisha maji yake baada ya upasuaji, na maji hayo kazi yake mwilini ni kumeng'enya nyama. Kwa hiyo mgonjwa wa dharura anabeba hatari mbili kwa mpigo: hali yake ni mbaya zaidi, na kiungo chenyewe ni kigumu zaidi kukishona. Mwongozo wowote unaosema "ikishindikana, mpasue" bila kueleza nani ampasue na wapi, umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kulishika kongosho laini.

Kama kisu ni hatari namna hii, ni nini basi kinachofaa?

Kwanza kamera ya kuingizwa mdomoni, endoskopia. Kwa kidonda cha tumbo inafanya maajabu: unaona mshipa, unaubana kwa klipu, umemaliza. Kwa uvimbe haiaminiki hivyo. Sehemu inayovuja ni nyama iliyooza, pana, na klipu haina pa kushika. Kuna poda za kunyunyizia na kuna kuchoma kwa gesi ya agoni, na vyote husaidia kwa muda, pengine kwa siku moja au mbili. Faida kubwa ya endoskopia kwa mgonjwa huyu ni kutuambia kwamba kinachovuja si kidonda.

Kisha picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Hapa naomba mnisikilize, maana ni utaratibu unaoweza kubadilishwa kwa saini moja. Katika hospitali nyingi picha hii haipigwi kabla ya majibu ya figo kutoka maabara, kwa hofu kwamba dawa itaziumiza figo. Hofu hiyo ina msingi wake kwa mgonjwa anayesubiri kliniki. Kwa anayemwaga damu, figo zinakufa kwa kukosa damu kabla dawa haijazigusa. Wapeni wataalamu wa radiolojia ruhusa ya maandishi kuipiga bila kusubiri, kwa mgonjwa wa aina hii, ili asiwepo mtu wa kujitetea kesho yake asubuhi kwa nini aliipiga.

Halafu ndiyo tiba ambayo ningependa kila mmoja wenu aondoke ameielewa. Mtaalamu wa radiolojia anatoboa mshipa kwenye paja au mkono, anapitisha mrija mwembamba hadi kwenye ateri inayolisha kichwa cha kongosho, na anaiziba kwa ndani, kwa koili ndogo za chuma, kwa chembechembe au kwa gundi maalumu. Mgonjwa yuko macho au amesinzia kidogo, na tumbo halijafunguliwa. Tiba hii si ngeni: Rösch, Dotter na Brown wa Oregon, Marekani, waliandika kuhusu kuziba mshipa unaovuja tumboni kwa njia hii mwaka 1972. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na bado kuna hospitali kubwa ambako inapatikana saa za kazi tu, kana kwamba ateri zina likizo.

Ina ufundi wake. Kichwa cha kongosho ni nyumba yenye milango miwili: damu inaingia kutoka juu, kwa ateri inayotokana na mshipa wa ini, na inaingia pia kutoka chini, kwa tawi la mshipa mkubwa wa utumbo. Ukifunga wa juu peke yake, damu inazunguka na kuingilia chini, na baada ya saa chache mgonjwa anatapika tena. Anayejua huvuka pale panapovuja, akaziba mbele na nyuma yake, kisha akaenda kuangalia njia ya chini. Anajua pia kuangalia kama vena kubwa inayoingiza damu kwenye ini imezibwa na uvimbe, maana hapo ukiigusa ateri ya ini unaweza kuliua ini lenyewe. Ndiyo sababu siombi mashine. Mashine peke yake, bila mtu wa zamu aliyefundishwa na anayelipwa kuamka usiku, ni fanicha ya gharama kubwa.

Kuziba huku mara nyingi hakuponyi uvimbe. Kunatupatia siku, na siku hizo zinageuza upasuaji wa dharura kuwa upasuaji wa kupangwa: mgonjwa anaongezewa damu, anatulia, anapimwa, kipande cha uvimbe kinachunguzwa, na anasafirishwa kwenda kwa wanaoijua kazi. Nimewahi kusikia hoja kwamba damu ikishasimama mgonjwa aruhusiwe arudi nyumbani kusubiri tarehe ya kliniki. Hapana. Uvimbe bado upo na unaweza kuvuja tena ndani ya siku chache. Asitoke hospitalini isipokuwa kwa gari la kumpeleka hospitali nyingine.

Niingie kwenye damu. Hapa nina malalamiko.

Benki nyingi za damu siku hizi zina kanuni kwamba damu haitolewi mpaka himoglobini ishuke chini ya gramu 7 kwa desilita. Kanuni hiyo haikuzuka hewani. Utafiti wa Barcelona uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wagonjwa wanaotokwa damu tumboni waliosubiriwa hadi kiwango hicho walinusurika wengi zaidi kuliko walioongezewa mapema, kwenye gramu 9. Ni utafiti mzuri na ninaufuata kila siku. Lakini utafiti huohuo uliwaweka kando wagonjwa wanaomwaga damu kwa wingi wa kutishia maisha. Nao walikuwa na sababu: mtu anayevuja kwa kasi anapoteza chembe na maji kwa pamoja, hivyo kipimo cha kwanza kinaweza kusoma gramu 11 huku moyo unakwenda 140 kwa dakika na vidole vimekuwa baridi. Nimesimama kwenye dirisha la benki ya damu nikielezwa, kwa upole kabisa, kwamba mgonjwa wangu ana damu ya kutosha. Aliyeniambia hana kosa. Anafuata karatasi iliyobandikwa ukutani mbele yake, na karatasi hiyo ina saini ya mmoja wenu.

Badilisheni karatasi. Iandikwe kwamba daktari wa zamu akitamka "kuvuja kwa wingi", boksi la kwanza linatoka bila kusubiri kipimo: chupa za chembe nyekundu za kundi O, plazma iliyoyeyushwa, na chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) zikipatikana, kwa uwiano unaokaribiana, huku boksi la pili likiandaliwa. Ndani ya boksi hilo iwekwe na kalisiamu, kwa sababu dawa inayozuia damu isigande kwenye chupa huishika kalisiamu ya mgonjwa, na bila kalisiamu damu haigandi na moyo unachoka. Awepo pia mtu wa kukimbiza sampuli. Sitanii. Usiku, daktari anayepaswa kuwa kichwani mwa mgonjwa ndiye anayekimbia na vichupa kwenye korido.

Chembe sahani najua ni mzigo. Zinadumu siku 5 hadi 7 tu, kwenye joto la kawaida la chumba, na hospitali ndogo ikiziweka itazimwaga. Basi ijulikane ni kituo gani kinazo na zinafikaje.

Kuhusu dawa ya kupunguza kuvuja damu iitwayo tranexamic acid, ambayo kila hospitali inajivunia kuwa nayo kabatini: mwaka 2020 matokeo ya jaribio la HALT-IT yalitoka, wagonjwa 12,009 wa kutokwa damu tumboni katika nchi 15, na dawa hiyo haikupunguza vifo. Iliongeza damu kuganda kwenye vena na iliongeza degedege. Inafaa sana kwa majeruhi na kwa wazazi wanaotokwa damu baada ya kujifungua, lakini kwa mgonjwa wetu huyu inatufanya tu tujisikie tumefanya jambo. Iondoeni kwenye mwongozo wa kutokwa damu tumboni kama bado ipo.

Rufaa. Naandika kwa ufupi kwa sababu kila mfanyakazi wa zamu ya usiku anaijua habari hii. Fomu ya rufaa inadai saini ya mtu ambaye usiku hayupo. Hospitali inayopelekewa inajibu kwamba hakuna kitanda, na anayejibu ni daktari mdogo aliyeagizwa ajibu hivyo. Na chini yake kuna jambo ambalo halisemwi vikaoni: mgonjwa akifa, kifo kinaandikwa kwa hospitali iliyompokea. Kituo kikubwa kinachochapisha takwimu zake za vifo kina kila sababu ya kumkwepa mgonjwa wa namna hii, na hospitali iliyomchelewesha kwa saa 12 inabaki na rekodi safi. Mkitaka wapokelewe, hesabuni kifo kwa njia yote aliyopita mgonjwa, tangu mlango wa kwanza. Na mwenye mamlaka ya kusema "hapana" kwenye simu ya rufaa ya damu inayovuja awe daktari bingwa, kwa jina lake, na sababu yake iandikwe. Uholanzi walikwisha kuamua kwamba hospitali isiyofanya angalau Whipple 20 kwa mwaka isiufanye kabisa. Naunga mkono uamuzi wa aina hiyo. Ila ukikusanya upasuaji sehemu chache, unawajibika kuifungua milango ya sehemu hizo usiku. Vinginevyo umewanyima wagonjwa wa pembeni daktari mbaya bila kuwapa aliye mzuri.

Najua wapo ambao hawatangoja. Endoskopia imeshindikana, mtaalamu wa kuziba mishipa hayupo au amejaribu ikakataa, barabara ni ndefu kuliko damu iliyobaki. Huyo atapasuliwa palepale alipo, na mimi au mwenzangu ndiye tutakayempasua. Hapo tunaomba mturuhusu kufanya kidogo. Madaktari wa majeruhi walijifunza katika miaka ya 1990 kwamba mwili uliopoa, uliojaa asidi na ambao damu yake haigandi hauwezi kuvumilia upasuaji mrefu. Unasimamisha damu, unaweka gozi, unafunga tumbo kwa muda, unampeleka chumba cha mahututi apashwe joto, na unarudi baada ya saa 24 hadi 48. Kwa kongosho inawezekana pia. Pengine inatosha kufungua duodenamu, kushona panapovuja na kufunga ateri ya juu. Ikibidi kichwa kitoke, kitoke, lakini miunganisho ile mitatu ingoje: ncha zifungwe, nyongo itolewe nje kwa mrija, na kongosho lenyewe liwekewe mrija. Aliyezoea kuunganisha atakuja kuunganisha mgonjwa akiwa na joto na mkojo unatoka.

Kinachotuzuia ni kipimo chenu cha ubora. Kwenye ripoti za hospitali, "mgonjwa aliyerudishwa chumba cha upasuaji" huhesabiwa kama kosa. Daktari kijana anajua ataitwa kujieleza, kwa hiyo anajitahidi kumaliza kila kitu usiku uleule, anashona kongosho laini kwenye mwili wenye nyuzi joto 34, na siku ya tano tunavuna alichopanda. Tenganisheni kurudi kulikopangwa na kurudi kwa ajali. Ni mstari mmoja kwenye fomu.

(Yupo mgonjwa mmoja ambaye kwake kisu ni jibu zuri na si lazima kiguse kichwa cha kongosho: yule ambaye uvimbe wa mkia umeziba vena ya wengu, vena za mfuko wa chakula zikavimba na kupasuka. Kutoa wengu kunaondoa shinikizo hilo. Lakini picha ya CT ndiyo inayomtambua, kwa hiyo tunarudi palepale.)

Baada ya upasuaji watu hupumua, na hapo ndipo pana mtego mwingine. Maji ya kongosho yakivuja kwenye mshono yanaweza kula kisiki cha ateri iliyofungwa. Ukuta unalegea, unatokeza kifuko, na kifuko kinapasuka, mara nyingi wiki moja au zaidi baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa ameanza kutembea wodini. Kabla ya kupasuka, kwa wengi huja damu kidogo ya onyo. Muuguzi wa usiku anaona mrija wa dreni, ule unaotoa maji tumboni, ambao jana ulikuwa na maji ya kahawia, leo una damu mbichi ya vijiko vitatu. Presha ni nzuri. Mgonjwa anaomba uji. Muuguzi anaandika kwenye faili, "damu kidogo kwenye dreni, daktari ataarifiwe asubuhi." Kutoka hapo kuna saa chache, pengine siku moja au mbili, za kumpiga picha na kuziba ateri ile kabla haijamwaga kila kitu kwa mara moja. Maneno "ataarifiwe asubuhi" yamebeba vifo vingi kuliko mkono wa daktari yeyote ninayemfahamu.

Hili linarekebishika. Waholanzi walifanya jaribio la PORSCH katika vituo vyote 17 vya upasuaji wa kongosho nchini mwao, matokeo yakatoka mwaka 2022. Hawakununua kifaa kipya. Waliweka utaratibu mmoja wa kumtazama kila mgonjwa kila siku kwa vigezo vilevile, kwenye programu ya simu, unaosema lini apigwe CT na lini awekewe mrija. Vifo ndani ya siku 90 vilishuka kutoka asilimia 5 hadi 3. Kumbukeni hivyo ni vituo vilivyokuwa tayari vizuri. Kwetu ambao hatuna hata orodha ya vigezo iliyobandikwa ukutani, anzeni na muuguzi: apewe haki ya kuita CT mwenyewe, usiku, akiona damu mbichi kwenye dreni ya mgonjwa wa kongosho, bila kuomba ruhusa kwa ngazi tatu.

Naomba pia mtulinde tunapoamua kutopasua. Kuna saratani iliyoenea, mtu amedhoofu, na damu inayovuja ni sehemu ya mwisho wa ugonjwa. Huyo anaweza kuzibwa mshipa, anaweza kupewa mionzi michache ya kukausha damu, anaweza kupewa dawa ya maumivu na chumba chenye mlango ili ndugu wakae naye. Akipasuliwa, siku zake zilizobaki zitaishia kwenye mashine. Daktari anayewaeleza ndugu hivyo saa tisa usiku anahitaji kujua kwamba hospitali itasimama naye wakikasirika. Na ndugu wanahitaji kuambiwa na mtu mzima aliyeketi, si kwenye korido na mtu anayetazama saa.

Mtaniuliza fedha zitatoka wapi. Zamu ya usiku ya kuziba mishipa ina gharama kweli, na sitegemei kila hospitali iwe nayo. Hospitali kadhaa zinaweza kushirikiana timu moja inayozunguka. Gari la wagonjwa lenye mtu wa dawa za usingizi ndani yake lina gharama pia. Hayo yapelekwe kwenye bajeti ijayo, na yajadiliwe. Lakini karatasi ya benki ya damu, ruhusa ya CT, saini ya rufaa, namna ya kuhesabu vifo na ule mstari kwenye fomu ya ubora havina bei. Vinahitaji kikao kimoja chenye watu sahihi, na mmoja wao awe anayekaa dirishani usiku.

Kama mtaweza kimoja tu mwezi huu, basi iwe namba ya simu. Namba moja, inayopokelewa saa 24 na daktari bingwa wa kongosho aliye zamu, ibandikwe katika kila chumba cha dharura kinachotuma wagonjwa kwenye kituo hicho. Mimi nitaipiga nikiwa nimeshaanza kuongeza damu.

Wenu katika kazi,

Daktari wa upasuaji, zamu ya usiku